Lodwar hadi Lokichoggio: Dakika 50 angani, malipo ya saa tano

NDEGE ndogo ikiruka kutoka Lodwar saa mbili asubuhi, abiria wake watakuwa wameshuka Lokichoggio kabla ya saa tatu. Umbali wa viwanja hivi viwili vya kaskazini-magharibi mwa Kenya, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 185. Ni mwendo unaokaribiana na ule wa barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ambao watu wengi huuhesabu kuwa safari ya asubuhi moja.

Hata hivyo, mfanyabiashara anayepanga bei ya bidhaa zake kwa kutazama kilomita hizo peke yake atapata hasara. Wapo waliojenga nyumba za wageni, maghala na maduka huko Lokichoggio wakati ndege zilipokuwa zikishuka na kuruka mchana kutwa. Ndege zilipohama, majengo yalibaki. Umbali wa kwenda Lodwar haukuongezeka hata kwa hatua moja, lakini mji ulikuwa umesogea mbali na soko.

Kwa hiyo wiki hii ukurasa huu unaichambua safari hiyo fupi kwa jicho la daftari: ni kilomita ngapi, ni muda gani, nani analipa, na mwenye mtaji mdogo ajifunze nini kabla ya kupeleka fedha zake mahali panapotegemea uwanja wa ndege.

MUDA WA ANGANI

Tuanze na hesabu rahisi. Ndege ya aina ya Cessna Caravan, ambayo ndiyo punda wa viwanja vidogo vya Afrika Mashariki, huenda kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa saa. Kilomita 185 zinaichukua dakika 37. Ukiongeza dakika za kutembea uwanjani, kuruka, kupanda, kushuka na kutua, unafika kama dakika 50. Ndege kubwa zaidi ya mapangaboi, kama Dash 8, itamaliza kwa dakika 35 hadi 40. Kasi yake ni kubwa zaidi, lakini katika safari fupi namna hii faida ya kasi humezwa na muda wa kuruka na kutua.

Upepo nao una sehemu yake. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna mkondo mkali wa upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi, na wataalamu wa hali ya hewa huuita kwa jina la Turkana. Upepo wa eneo hilohilo ndio unaoendesha mitambo 365 ya umeme iliyosimamishwa upande wa pili wa ziwa, karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310. Kwa kuwa Lokichoggio iko kaskazini-magharibi ya Lodwar, upepo huo humsukuma rubani anapokwenda na humpinga anaporudi. Ukiwa na nguvu ya kilomita 40 kwa saa, Caravan itakwenda kwa dakika 33 na kurudi kwa dakika 43, bila kuhesabu kuruka na kutua. Dakika 10 ni kidogo kwa abiria, lakini mwenye ndege anayelipia mafuta huziona kila siku.

Jambo jingine ni joto. Lodwar ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi nchini Kenya, na mchana kipimo huzidi nyuzi 35 mara nyingi. Hewa ya joto ni nyepesi, nayo haibebi bawa vizuri. Rubani anayeruka saa moja asubuhi anaweza kupakia mzigo ambao saa tisa alasiri atalazimika kuupunguza. Ndiyo maana mzigo unaochelewa kufika uwanjani asubuhi huachwa. Mwenye mzigo hulaumu wakala, wakala humlaumu rubani, kumbe wa kulaumiwa ni jua.

SAA TANO ZA KULIPIA

Hapa ndipo penye mtego wenyewe. Ndege za kukodi kwa kawaida hulala Nairobi, katika uwanja wa Wilson, siyo Lodwar. Anayetaka kupeleka mzigo wake Lokichoggio kutoka Lodwar kwa ndege ya kukodi hulipia pia njia ya ndege kuja na njia ya ndege kurudi nyumbani.

Kutoka Nairobi hadi Lodwar ni kama kilomita 510. Lodwar hadi Lokichoggio ni 185. Lokichoggio hadi Nairobi ni kama 670. Jumla ni karibu kilomita 1,365. Kwa kasi ya Caravan, na kwa kuhesabu kuruka na kutua mara tatu, hiyo ni kazi ya saa tano na dakika chache. Mfanyabiashara amehitaji dakika 50, lakini ankara yake ni ya saa tano.

Tuchukue namba za kufanyia hesabu tu, ambazo msomaji asizichukue kuwa bei ya soko. Sema saa moja ya ndege ni shilingi 200,000 na mzigo ni kilo 1,000. Kwa saa tano utalipa shilingi milioni 1, yaani shilingi 1,000 kwa kila kilo. Lakini ukibahatika kupata ndege ambayo tayari imeletwa Lodwar na mtu mwingine, nayo inakwenda Lokichoggio na ina mzigo wa kurudi nao, sehemu yako itakuwa zile dakika 50 peke yake. Hiyo ni kama shilingi 167,000, au shilingi 167 kwa kilo.

Kilo ni ileile, anga ni ileile na rubani ni yuleyule, lakini bei imepungua mara sita. Tofauti yote imetokana na swali moja: nani mwingine anailipia ndege hiyo?

Ni bidhaa chache zinazoweza kubeba nyongeza ya shilingi 1,000 kwa kilo. Dawa za hospitali zinaweza. Kipuri cha mtambo uliosimama kinaweza, kwa sababu kila siku ya kusimama ni hasara kubwa kuliko nauli. Miraa, ambayo hupoteza thamani siku ya pili au ya tatu baada ya kuchumwa, imezoea kupanda ndege katika Afrika Mashariki. Lakini unga, sukari, saruji na mafuta ya kupikia haviwezi. Anayeona duka la Lokichoggio linauza sukari ghali na akadhani ndege itamletea faida, atafute kwanza karatasi na kalamu.

BARABARA NDIYO MSHINDANI

Kwa barabara, Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na Kakuma hadi Lokichoggio ni kama 95. Jumla ni kama kilomita 215, yaani 30 tu zaidi ya njia ya ndege. Lori moja kubwa hubeba tani 25 au zaidi, mzigo ambao Caravan ingelazimika kuufanyia safari zaidi ya 20.

Kwa miaka mingi ndege ililindwa na ubaya wa barabara hiyo. Lami ilikuwa imekwisha kwa mashimo, majambazi walivizia magari, na mara nyingi magari yalisafiri kwa msafara wenye askari. Mvua ikinyesha, mito ya msimu ambayo watu wa kaskazini huiita laga, kama Tarach unaopita Kakuma, hufurika kwa saa chache na kukata njia. Gari lililotegemewa kufika jioni lililala kando ya laga siku mbili.

Katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya barabara kutoka Lokichar kuelekea mpaka wa Sudan Kusini imejengwa upya kwa lami, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa mwenye lori hii ni neema. Kwa anayefikiria biashara ya ndege fupi ni habari ya kuisoma mara mbili, kwa sababu dereva anayeondoka Lodwar alfajiri katika hali nzuri ataweza kushusha mzigo Lokichoggio kabla ya jua la mchana. Ndege itabaki na kazi ya siku za mafuriko, siku za hatari na bidhaa zile chache za haraka.

Lori lina faida nyingine: hurudi na kitu. Mbuzi, ngozi na samaki waliokaushwa wa Ziwa Turkana hushuka kwenda Kitale na masoko ya mbali zaidi. Mzigo wa kurudi ndio unaoshusha nauli ya mzigo wa kwenda. Ndege inayopeleka vipuri Lokichoggio itarudi na nini?

LOKICHOGGIO WAKATI WA NEEMA

Ili kuelewa kilichowapata waliowekeza huko, hapana budi kurudi nyuma. Mwezi Aprili 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango wa kupeleka misaada kusini mwa Sudan, uliojulikana kwa jina la Operation Lifeline Sudan. Lokichoggio, mji mdogo ulio kama kilomita 30 kutoka mpakani, ukawa lango lake upande wa Kenya.

Sababu ilikuwa hesabu hiihii ya umbali. Mji wa Rumbek uko kama kilomita 1,200 kutoka Nairobi, lakini kutoka Lokichoggio ni kama 590. Chakula kililetwa kwa malori hadi Lokichoggio kwa gharama ya barabara, kisha ndege zikakibeba kwa nusu ya njia tu. Ndege moja ya Hercules iliweza kudondosha kama tani 16 kwa safari, na kwa kuwa njia ilikuwa fupi iliweza kurudi ikapakia tena siku hiyohiyo.

Mwaka 1998, njaa ilipopiga Bahr el Ghazal, uwanja huo ulikuwa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi kabisa nchini Kenya. Hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Lopiding, iliyofunguliwa mwaka 1987, ilipokea majeruhi wa vita kwa ndege. Marubani, mafundi, madaktari, madereva na watumishi wa mashirika walihitaji vitanda, chakula, maji baridi, fundi cherehani na mahali pa kubadilisha fedha. Katika nchi kame ya wafugaji ukatokea mji wenye jenereta, baa na kambi za kulala wageni zinazolipwa kwa dola.

Hata wakati huo palikuwa na ishara kwa mwenye macho. Ndege hazikuruka bila idhini ya serikali ya Khartoum. Februari 1998 Khartoum ilipiga marufuku ndege za misaada kwenda Bahr el Ghazal kwa wiki kadhaa, wakati watu wanakufa kwa njaa. Siku hizo umbali kutoka Lokichoggio hadi Rumbek ulikuwa kilomita 590 zilezile, lakini muda wa safari ulikuwa haujulikani. Uamuzi ulikuwa mezani kwa mtu ambaye hakuwahi kununua hata soda Lokichoggio.

Kisha amani ikaja. Mkataba ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Juba ikafunguka, mashirika yakahamishia ofisi zao huko, na ndege za kutoka Nairobi zikaanza kupita juu ya Lokichoggio bila kutua. Mwaka 2006 Lopiding ilikabidhiwa kwa serikali ya Kenya. Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, lango la zamani lilikuwa tayari limekauka.

Hakuna mtu mwenye akili anayelalamikia amani. Lakini mwenye duka aliyekopa benki mwaka 2003 ili aongeze vyumba 10 vya wageni alikuwa, bila kujua, ameweka dau kwamba vita vitaendelea hadi amalize kulipa mkopo. Hakuandika hivyo katika maombi yake ya mkopo, na ofisa wa benki hakumwuliza.

LODWAR IMEPATA ZAMU

Upande wa pili wa zile kilomita 185 mambo yalikwenda kinyume. Serikali ya kikoloni ilimweka Jomo Kenyatta kizuizini Lodwar kwa kuwa ilikuwa mbali na kila kitu. Lakini Machi 2012 kampuni ya Tullow ilitangaza kupata mafuta katika kisima cha Ngamia 1, kusini mwa Lodwar. Mwaka uliofuata, 2013, serikali za kaunti zikaanza kazi na Lodwar ikawa makao makuu ya Kaunti ya Turkana.

Ndege zikafuata. Mchimba mafuta hana muda wa kukaa njiani kutoka Kitale, na mkandarasi anayefuata zabuni ya kaunti hutaka kurudi Nairobi jioni. Bei za vyumba na viwanja vya kujenga zikapanda.

Mafuta yenyewe yamekwenda kwa kusuasua. Shehena ya kwanza, iliyosafirishwa kwa malori hadi Mombasa, iliuzwa nje Agosti 2019. Mwaka 2020 usafirishaji huo wa majaribio ukasimama. Mwaka 2023 washirika wawili wa Tullow walijitoa, na mwaka 2025 Tullow yenyewe ikakubali kuuza mali zake za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy kwa bei isiyopungua dola milioni 120.

Kama Lodwar ingekuwa na mafuta peke yake, pengine ingeifuata Lokichoggio. Kilichoiokoa ni kwamba ina zaidi ya mlipaji mmoja. Mafuta yaliposimama, kaunti iliendelea kulipa mishahara, shule na hospitali ziliendelea kununua vifaa, na viti vya ndege viliendelea kupata watu. Mji wenye sababu mbili au tatu za ndege kuja huweza kupoteza moja na ukabaki umesimama.

KAKUMA, KATIKATI YA NJIA

Baina ya viwanja hivi viwili iko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa mwaka 2016, ina watu zaidi ya 250,000. Uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kuwa uchumi wa kambi una thamani ya kama dola milioni 56 kwa mwaka, nao ulihesabu biashara zaidi ya 2,000.

Kwa mchuuzi wa jumla, hapo ndipo penye soko kubwa zaidi katika njia yote, kuliko kwenye viwanja vyenyewe. Hata hivyo swali la Lokichoggio linafuata hadi Kakuma. Sehemu kubwa ya fedha zinazozunguka hapo hutokana na misaada. Mwaka 2025, baada ya Marekani kukata misaada yake ya nje, mgao wa chakula kambini ulipunguzwa na wakimbizi wakaandamana. Mwenye duka anayekopesha kwa kutegemea mgao wa mwezi ujao alijua siku hiyo kwamba mdaini wake wa kweli yuko ng'ambo ya bahari.

Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wenye lengo la kugeuza makambi kuwa makazi ya kawaida ambapo wakimbizi na wenyeji watafanya kazi na biashara pamoja. Ukifaulu, Kakuma itakuwa na walipaji wengi wadogo badala ya mmoja mkubwa, na hilo ndilo mwekezaji alitazame kuliko idadi ya malori yanayoingia wiki hii.

KWA MWENYE HISA

Msomaji asiyekusudia kufika Turkana maishani naye ana somo hapa. Kenya Airways ilipouzwa kwa umma mwaka 1996, maelfu ya wananchi walinunua hisa kwa shilingi 11.25. Julai 2020 uuzaji wa hisa hizo ulisimamishwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na haukuruhusiwa tena hadi Januari 2025. Kwa muda huo wote mwenye hisa hakuweza kuuza hata moja sokoni.

Anayetaka kununua hisa za usafiri wa anga asishangazwe na orodha ndefu ya miji inayofikiwa. Aulize ndege zinakuwa angani saa ngapi kwa siku, viti vingapi vinarudi na watu, na ni njia zipi zinategemea mteja mmoja. Ndege iliyo chini haiingizi fedha, na njia fupi hula mafuta na matairi kwa kuruka na kutua mara nyingi.

MASWALI MANNE

Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria mji wowote wenye uwanja wa ndege na usio na mengi zaidi, tunashauri aandike majibu ya maswali manne kabla hajatoa fedha.

La kwanza, nani analipia ndege zinazotua hapa leo, na mkataba wake unakwisha lini? La pili, ndege hizo zinarudi na mzigo gani? La tatu, barabara ikitengenezwa, biashara yangu itapanda au itakufa? La nne, ndege zikisimama kwa miezi sita, je, nitaweza kulipa benki kwa wateja wanaokuja kwa miguu?

Aliyejibu la nne kwa ndiyo anaweza kujenga. Asiyeweza, akodi chumba, auze bidhaa zinazohamishika, na asiweke saruji nyingi ardhini. Wapo waliofanya hivyo Lokichoggio. Mwaka 2005 walipakia mali zao kwenye lori wakavuka mpaka kwenda Juba, wakaendelea na kazi. Waliojenga kwa matofali walibaki kulinda milango.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika daftari la biashara ya kaskazini, kilomita 185 ziandikwe ukurasa wa kwanza, kwa sababu hazibadiliki. Jina la anayelipia ndege liandikwe kwa penseli.